Polisi Wakikataa Kupokea Taarifa Yako kwa Kuwa ni "Ugomvi wa Ndoa"

"Nendeni mkayamalize nyumbani." Kauli hii imewarudisha watu wengi kutoka kaunta za polisi, wengine wakiwa bado wanavuja damu. Ukiambiwa hivyo, usidhani sheria imeishia hapo. Ipo ngazi ya juu ya askari huyo, yupo hakimu, lipo baraza la usuluhishi la ndoa, na kila mlango una kazi yake. Wengi hawakwami kwa kukosa haki. Wanakwama kwa sababu walikataliwa kwa mdomo wakaondoka bila karatasi yoyote, na wanapofika mbele hawana cha kuonyesha kwamba waliwahi kufika kituoni.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ndoa na mahakama za kadhi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotajwa hapa haitumiki huko. Yanamhusu mke na mume kwa usawa. Wanaume wanaopigwa nao hurudishwa, mara nyingi kwa kuchekwa, na njia zao ni hizihizi.

Kwanza, jua lipi ni la polisi

Polisi wanashughulikia makosa ya jinai. Kupigwa, kujeruhiwa, kutishiwa kuuawa, kuchomewa au kuvunjiwa mali, kufungiwa ndani na kutumiwa matusi na vitisho kwa simu ni jinai, hata kama aliyefanya ni mwenza uliyeishi naye miaka 20. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinatamka wazi kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Askari akisema "mume ana haki ya kumrudi mkewe", anasema jambo ambalo sheria ililikataa tangu 1971.

Mambo mengine, hata yaume vipi, si ya polisi. Mwenza kutoka nje ya ndoa si jinai. Ni sababu inayoweza kutumika mahakamani kwenye shauri la ndoa, na Sheria ya Ndoa inaruhusu hata kudai fidia kwa ugoni. Kunyimwa matumizi, kugombania nyumba au shamba, na kutaka kuachana ni mashauri ya madai. Kituo kikikataa kufungua jalada kwa hayo, hakijakosea. Tatizo ni kwamba watu huyachanganya. Mtu anafika amepigwa, anaanza kueleza nyumba ndogo ya mumewe, simu aliyoikamata, hela ya ada iliyoliwa, na kipigo anakitaja mwishoni. Askari amesikia ugomvi wa ndoa, naye anajibu kama ugomvi wa ndoa.

Kuna eneo moja ambalo sheria yenyewe ina pengo, na ni vizuri ulijue kabla hujafika kaunta. Kanuni ya Adhabu haitambui kosa la kubaka kati ya mume na mke wanaoishi pamoja. Inalitambua pale tu mke anapokuwa ametengana na mumewe. Hata hivyo kipigo, jeraha au tishio lililoambatana na tendo hilo ni kosa linalojitegemea, na linaweza kuripotiwa kwa jina lake.

Namna ya kusema ukifika kaunta

Anza na tendo, si uhusiano. "Afande, nimekuja kuripoti shambulio la mwili. Jana saa nne usiku nimepigwa kwa ubao begani na kichwani, nikiwa nyumbani kwangu. Aliyenipiga namfahamu." Jina na kwamba ni mumeo vitafuata anapouliza. Huo si ujanja. Ndivyo taarifa ya jinai inavyopangwa: nini kimetokea, lini, wapi, kwa kutumia nini, nani amefanya, nani ameona. Usiongeze chumvi. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi nako ni kosa, na maelezo yaliyotiwa chumvi huvunjika mapema mbele ya hakimu.

Unadai vitu vitatu. Cha kwanza ni namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, ambayo huandikwa pamoja na jina la kituo na mwaka. Cha pili ni PF3, yaani fomu ya polisi inayojazwa hospitalini kuhusu majeraha yako, kama umeumia. Cha tatu ni kuchukuliwa maelezo, ambayo una haki ya kusomewa na kusahihisha kabla ya kutia saini. Usitie saini maelezo yanayosema "waligombana" ikiwa wewe ulisema "alinipiga". Neno hilo moja hugeuza shambulio kuwa ugomvi wa watu wawili, na ni hilo mwendesha mashtaka atakalolisoma.

Vyote vitatu ni bure. Akidaiwa mtu hela ya karatasi, ya mafuta ya gari au ya "kumfuata mtuhumiwa", hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu ya bure namba 113.

Kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto, omba kupelekwa huko moja kwa moja. Askari wa dawati wamefundishwa kesi za aina hii na huzungumza nawe faraghani, si mbele ya foleni. Kituo kidogo kisipokuwa na dawati, omba uelekezwe kituo cha wilaya.

Sababu nyingine za kukataa zinajirudia mno, na kila moja ina jibu lake. "Lete cheti cha ndoa": hakihitajiki, kwa kuwa kumpiga mtu ni kosa hata kama hamjafunga ndoa. "Lete barua ya mjumbe au ya mtendaji": si sharti la kuandika taarifa ya jinai. "Mlete mwenyewe mtuhumiwa": kukamata ni kazi ya polisi. "Nenda ustawi wa jamii": ni ofisi nzuri kwa malezi na matunzo ya mtoto, lakini haiondoi wajibu wa polisi kupokea taarifa. "Kesho utakuja kuifuta": huenda wengine hufanya hivyo, lakini kufuta si sababu ya kutoandika. Usuluhishi upo kisheria kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, ila hiyo ni nafasi aliyopewa hakimu baada ya kesi kufika mahakamani. Askari wa zamu hana mamlaka ya kukulazimisha kusamehe.

Ukikataliwa, fanya haya siku hiyohiyo

Muulize jina lake kwa adabu, au soma namba iliyo kwenye sare. Toka nje, andika: tarehe, saa uliyofika, saa uliyoondoka, aliyekuhudumia, maneno aliyosema na jina la uliyefuatana naye. Kwenda na mtu wa pili kuna thamani kubwa hapa, kwa kuwa ndiye shahidi wa kukataliwa kwako.

Kabla hujaondoka eneo hilo, omba kumwona mkuu wa kituo. Kesi nyingi huishia hapo, maana mkuu wa kituo anajua yeye ndiye atakayeulizwa na walio juu. Asipokuwepo, uliza saa atakayorudi na uandike jibu hilo pia.

Kuna njia ya pili ambayo watu huisahau. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu taarifa ya kosa kutolewa kwa askari au kwa kiongozi mwenye mamlaka katika eneo lako, naye anawajibika kuifikisha kwa mkuu wa kituo kilicho karibu. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji, wa mtaa au wa kata akipokea taarifa yako kwa maandishi na kuigonga muhuri, taarifa imetolewa kisheria, na barua yake kwenda kituoni inakuwa rekodi ambayo kituo hakiwezi kuikana. Tofautisha hili na kuombwa barua ya mtendaji kama sharti. Hapa ni wewe unayechagua mlango mwingine.

Kama maisha yako yako hatarini usiku huo, acha karatasi, ondoka kwanza. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Panapokuwa na mtoto anayeumizwa, namba 116 ni huduma ya simu kwa watoto, bila malipo.

Ushahidi hausubiri RB

Jeraha linapona na alama zinafutika, kwa hiyo hospitali isingoje kituo kibadili msimamo. Matibabu ya dharura hayapaswi kucheleweshwa eti kwa sababu huna PF3. Tibiwa, na mwambie daktari waziwazi umeumizwa na nani na kwa kitu gani. Wengi husema "nimeanguka" kwa aibu. Neno hilo likishaandikwa kwenye faili la hospitali, upande wa pili utalisoma mahakamani miezi kadhaa baadaye. Omba nakala ya cheti cha matibabu na risiti. PF3 ikipatikana baadaye, mtaalamu wa afya ataijaza kwa kutumia faili hilohilo, na wewe utoe nakala kabla ya kuirudisha polisi. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja. Huko ndiko pa kwenda kwanza kama kipo karibu. Kwa ukatili wa kingono fika ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi baada ya muda huo. Nguo ulizovaa usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zisivunde.

Piga picha mbili kwa kila jeraha: ya karibu ikiwa na rula au sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, na ya mbali inayoonyesha uso wako pamoja na jeraha. Rudia baada ya siku mbili au tatu, maana michubuko huiva rangi baadaye. Meseji na sauti za vitisho ziache kwenye simu yenyewe. Picha ya skrini pekee hupingwa kirahisi. Mahakama hutaka kujua ujumbe umetoka namba gani, umehifadhiwaje, na kama haukuguswa. Usiuze wala kubadilisha simu hiyo.

Barua kwa Mkuu wa Polisi Wilaya

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa inageuza kukataliwa kwa mdomo kuwa jambo lililoandikwa. Iwe ukurasa mmoja. Chapa au andika kwa mkono unaosomeka:

*Mkuu wa Polisi Wilaya, Wilaya ya ........*

*YAH: KITUO CHA POLISI ........ KUKATAA KUPOKEA TAARIFA YA SHAMBULIO LA MWILI*

*Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ........, mkazi wa mtaa wa ........, kata ya ......... Tarehe ........ saa ........ nikiwa ........ nilipigwa na ........ kwa ........, nikaumia ......... Walioona ni ........ na ......... Nilitibiwa hospitali ya ........ tarehe ........ na nakala ya cheti nimeiambatisha.*

*Tarehe ........ saa ........ nilifika kituo cha ........ kutoa taarifa. Askari aliyenihudumia, ........, aliniambia "........" na sikupewa namba ya RB wala PF3. Nilimwona mkuu wa kituo tarehe ........, akanijibu "........".*

*Naomba taarifa yangu iandikwe na nipewe namba ya RB, nipewe PF3, nichukuliwe maelezo mimi na mashahidi wangu, na nijulishwe jina la mpelelezi. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku saba.*

*Nakala: Kamanda wa Polisi Mkoa.*

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea, na urudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta na uhifadhi risiti. Siku saba hizo si za sheria. Ni muda wa busara unaompa mkubwa nafasi ya kutenda, na kama kuna hatari ya kushambuliwa tena, andika "haraka" na udai jibu siku hiyohiyo.

Usiweke namba za vifungu kama huna uhakika nazo. Sheria za nchi zimechapishwa upya katika Toleo la Marejeo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, na mwenye nakala ya zamani anaweza kunukuu kifungu kilichohama. Jina la kosa na maelezo ya tukio vinatosha.

Kimya kikiendelea, nakala hiyo iliyogongwa muhuri ndiyo unayoibeba kwa Kamanda wa Polisi Mkoa, yaani RPC, au kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Sambamba na hapo, ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya wilaya au mkoa inaweza kuelekeza upelelezi ufanyike, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea bure malalamiko dhidi ya vyombo vya umma. Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo kama unaitaka, iandikie kabla ya kufungua kesi.

Kwenda kwa hakimu bila polisi

Watu wengi hawajui kwamba kesi ya jinai haianzii polisi tu. Mtu yeyote mwenye sababu za msingi za kuamini kosa limetendeka anaweza kupeleka malalamiko kwa hakimu mwenye mamlaka, kwa mdomo au kwa maandishi. Akiyatoa kwa mdomo, hakimu huyaandika na mlalamikaji hutia saini. Hakimu akiona kuna msingi, anatoa hati ya kumwita mshtakiwa au ya kumkamata.

Kwa shambulio la kawaida, matusi na vitisho vidogo, Mahakama ya Mwanzo ya eneo tukio lilipotokea ndiyo njia ya karibu zaidi. Inaendeshwa kwa Kiswahili, na mlalamikaji mwenyewe ndiye anayeiendesha kesi yake. Kwa maana hiyo mzigo wote ni wako: kuleta mashahidi, kutoa cheti cha hospitali, kufika kila tarehe. Ukikosa kufika bila taarifa, kesi inaweza kufutwa. Kiwango cha uthibitisho ni kilekile cha jinai, pasipo kuacha shaka ya maana, kwa hiyo neno lako peke yako dhidi ya lake linaweza lisitoshe. Jirani aliyesikia kelele, mtoto mkubwa aliyeona, na nesi aliyekupokea wana thamani kubwa hapa.

Makosa mazito kama kujaribu kuua usiyapeleke Mahakama ya Mwanzo. Yanahitaji upelelezi na mwendesha mashtaka wa serikali, na kwa hayo kamanda wa mkoa na Ofisi ya Mashtaka ndio wa kuwabana.

Upande wa ndoa, ambao hauhitaji ruhusa ya kituo chochote

Hata jinai ikisuasua, mahakama inayosikiliza mashauri ya ndoa inaweza kukulinda. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka hayo kwa Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 138 kinaipa mahakama nguvu ya kuamuru mwenza aache kukulazimisha kuwa naye na aache kukusumbua, wakati shauri la ndoa linaendelea na hata baada ya kutengana au talaka. Sharti lake ni kwamba lazima pawe na shauri. Anayehitaji ulinzi haraka afungue shauri la kutengana, ambalo halidai kwanza hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kisha aombe amri hiyo ndani yake pamoja na matumizi. Ukishapata amri, chukua nakala yenye muhuri na uipeleke kituoni. Mtu anayevunja amri ya mahakama si "mgomvi wa ndoa" tena, na askari anajua hivyo.

Nyumba ya ndoa nayo ina kinga. Mwenza hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuipangisha bila ridhaa yako, na kwa ardhi iliyosajiliwa unaweza kuweka zuio kwa msajili. Fanya hivyo mapema, maana ugomvi ukifika polisi wengine hukimbilia kuuza.

Talaka ndiyo inayodai kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua maombi ya talaka kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Zipo nafuu: mwenza aliyekutelekeza na hajulikani alipo, aliyeitwa barazani akakataa kufika kwa makusudi, au mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Kipigo cha kuhatarisha maisha kinaweza kujengewa hoja kwenye hilo la mwisho, lakini ni hakimu anayeamua. Hati ya baraza isiwe na zaidi ya miezi sita siku unapofungua shauri, na iseme kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya mtendaji inayosema tu "nawaleta kwenu kwa hatua zaidi" si hati hiyo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokwisha kuamuliwa kwa sababu ya hati yenye kasoro, wahusika wakaanza upya. Isome kabla hujatoka ofisini.

Wanaoishi pamoja bila cheti hawajaachwa nje. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kuonekana na jamii kama mume na mke huchukuliwa kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vingine, na mahakama ikiona hawakuwa wanandoa bado inaweza kuamua matumizi na malezi ya watoto.

Mahakama Kuu, pale yote yanapokwama

Njia ya mwisho ni kuiomba Mahakama Kuu itoe amri ya kumlazimisha afisa wa umma kutimiza wajibu wake. Kwanza unaomba kibali, na maombi ya kibali yaletwe ndani ya miezi sita tangu kitendo unacholalamikia. Mahakama itataka kuona kwamba ulidai utekelezaji na ukakataliwa. Hapo ndipo barua ile yenye muhuri inapobeba kesi nzima. Asiyekuwa nayo hurudishwa akaanze chini. Hatua hii ina ufundi mwingi, usiiendee bila wakili.

Wakili huyo si lazima umlipe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawapa wasio na uwezo huduma bila malipo kupitia watoa huduma waliosajiliwa, na wasaidizi wa kisheria wamo katika wilaya nyingi. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanajulikana kwa kesi za ndoa na ukatili. Ukienda, beba kitambulisho, nakala ya barua yenye muhuri, cheti cha hospitali, simu yenye ujumbe, majina na namba za mashahidi, na karatasi yako ya siku ya kwanza kituoni, hata kama imekunjamana.